Kitendawili hakijazwi penye pengo

Shule zinapofungwa, mwanafunzi wa Lamu hurejea nyumbani na bunda la karatasi za Kiswahili. Jaza pengo. Andika wingi. Chagua jibu sahihi. Mtaala wa Umilisi unaanza na stadi ya kusikiliza na kuzungumza, lakini kazi ya likizo haimtaki mtoto afungue mdomo hata mara moja. Kwani lugha hukaa kwenye kalamu? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Basi, darasa likahamia kwenye karatasi.

Hitilafu ya pili ni nzito zaidi. Mtoto akiandika mato, mtele au mtana, hutiwa kosa. Hayo si makosa, ni Kiamu. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, zilikuwa zimesalia miaka 70 kabla ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu.

Hata hivyo, mtihani utadai macho, na mtoto hana budi kuyajua. Nyanya aseme neno la nyumbani, mjukuu ajibu kwa la shuleni: mtele, mchele, moya, moja, mayi, maji, zombo, vyombo. Baada ya jozi chache, mtoto ataigundua kanuni mwenyewe. Hapo ndipo nyanya amtegee mtego: mtu je? Akijibu "mchu", wote watacheka, na atakuwa amejua kwamba si kila t ya Amu hugeuka ch. Sijaona karatasi inayofunza sarufi kwa wepesi huo.

Kuna na la sikio. Kaa wa mikokoni hutamkwa kwa pumzi. Kaa la moto halina pumzi. Tahajia imeyafanya neno moja, na walimu wengi kutoka bara hawaisikii tofauti hiyo. Mtoto aweke kiganja mbele ya mdomo, ayatamke yote mawili. Ataihisi.

Ninalolaumu hasa, msomaji, ni tulivyovitenda vitendawili. Vitabu huchapa fumbo na jibu ubavuni, mambo yakaisha. Mji uko wapi? Barazani, mtu akisema "Kitendawili!" huitikiwa "Tega!", watu wakabahatisha, wakabishana, na wakishindwa humpa mtegaji mji. Apewe Faza, aikatae, adai Siyu. Akiridhika, mtegaji hodari husimulia alivyofika huko na alivyokirimiwa, ndipo afumbue. Katika mchezo huo mmoja mna kuuliza, kukisia, kupinga kwa adabu na kusimulia. Jibu lenyewe ndilo sehemu ndogo kuliko zote, nalo ndilo pekee tulilolibakisha kitabuni.

Mwalimu anayetaka ushahidi wa kazi ya likizo amwagize mwanafunzi arudi Januari na vitendawili vitano alivyotegewa nyumbani, aeleze mbele ya darasa nani alimtegea, alikisia nini, na alitoa mji gani.