Fisi wa Hadithi na Fisi wa Ngorongoro: Tuwachagulie Watoto Kitabu Kipi?

Tukitaja fasihi ya watoto katika semina zetu, mazungumzo huishia kwenye ngano: sungura mjanja, fisi mlafi, kobe mwenye subira. Vile vitabu vidogo vya picha vya maarifa ya wanyama, anavyosomewa mtoto wa miaka minne au mitano, tunawaachia walimu wa sayansi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hapo tumekosea. Navyo vina msimulizi, vina wahusika, vina uteuzi wa maneno. Kwa nini basi mhakiki avipite?

Hebu tumchukue fisi. Katika ngano fisi ni mroho, mwoga na mjinga, na hakuna ubaya wowote. Anayechekwa pale ni binadamu mwenye tamaa, na mtoto analijua hilo hata kabla hajaweza kulisema, kwani fisi wa hadithi huongea, huoa, hualikwa karamuni. Tatizo linaanza pale kitabu kinapojitambulisha kuwa ni cha elimu, kikaweka picha safi ya fisi halisi, halafu chini yake kikatuambia kwamba mnyama huyu ni mvivu, eti kazi yake ni kusubiri mabaki ya simba. Hiyo ni ngano iliyovaa koti jeupe la maabara. Mtoto ameambiwa hii ni kweli, naye hana njia ya kubisha. Tena mnyama ambaye tayari anahusishwa na uchawi vijijini hahitaji kuongezewa kesi na kitabu cha chekechea.

Na ukweli ni upi? Hans Kruuk, mwanabiolojia Mholanzi aliyewachunguza fisi madoa wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1972, aliwafuata usiku. Aligundua kwamba fisi hawa huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao. Kule Ngorongoro mara nyingi wao ndio waliokuwa wameua, simba wakaja kuwanyang'anya. Mtazamaji aliyefika asubuhi alimkuta simba juu ya mzoga na fisi wamekaa pembeni, basi akahitimisha kinyume. Jamani, hii yenyewe si hadithi tosha? Ina usiku, ina wizi, ina shahidi aliyechelewa kufika. Mwandishi anayeiacha hii ili abaki na fisi mvivu amekosa sayansi na amekosa fasihi pia.

Kwa hiyo mimi nikishika kitabu cha aina hii huanza na vitenzi. Kiswahili kina jambo lake hapa. Kiingereza kinaweza kumtaja mnyama kwa kiwakilishi kile kile cha meza na jiwe. Sisi upatanisho wetu humweka mnyama pamoja na mtu: mtoto anakula, fisi anakula, hata siafu anakula. Wapo wanaodhani kwamba lugha ya sayansi lazima imtenge mnyama na binadamu. Kwa Kiswahili hiyo ni kazi ngumu, na wala si lazima. Kinachoharibu si ile a- ya mwanzo, ni kitenzi chenyewe. "Anavunja mfupa kwa meno" ni jambo la kuonekana kwa macho. "Anajipendekeza kwa simba" ni hukumu. Mwambie mtoto kwamba fisi hula mifupa mpaka kinyesi chake kikikauka kinakuwa cheupe, atacheka wiki nzima, na akiwa ni mtoto wa kijijini atakuonyesha kilipo.

Asije mtu akadhani napiga vita ubunifu. The Very Hungry Caterpillar, kitabu cha Mmarekani Eric Carle kilichotoka mwaka 1969, kina kiwavi anayekula keki na soseji. Kiwavi gani huyo! Lakini mtoto anajua ni mchezo, naye huku anapitisha kidole kwenye matundu ya kurasa. Kasoro ninayoihesabu mimi ni nyingine: kipepeo wake anatoka katika kifuko cha kujisokotea. Vifuko vya nyuzi hasa ni vya nondo; kiwavi wa kipepeo kwa kawaida hujivua ngozi akabaki ndani ya gamba gumu lisilofunikwa na nyuzi. Keki haimdanganyi mtoto, kifuko kinamdanganya, maana kimewekwa mahali ambapo kitabu kinasema kweli, kati ya kiwavi na kipepeo. Hata hivyo ningekinunua, na ukurasa huo ningeusahihisha kwa mdomo wakati wa kusoma.

Picha nazo zina uongo wake, kwa mfano panya na tembo kuchorwa kimo kimoja kila mmoja kwenye ukurasa wake. Hilo mwalimu anaweza kulirekebisha kwa kuweka kiganja chake karibu na picha.

Na kabla sijasahau: katika ngano ni Bwana Fisi, mkewe yuko jikoni. Katika ukoo wa fisi madoa majike ndio wenye mamlaka, na watoto wao huzaliwa macho wazi, meno tayari mdomoni. Kitabu cha kurasa 16 kinachoanzia hapo bado sijakiona kwa muuza vitabu yeyote.