Dungeons & Dragons na Haki ya Shujaa Kufa

Katika mwaka wa 1974 kasha dogo lenye vijitabu vitatu lilitolewa katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 na bei ilikuwa dola 10. Jina lake lilikuwa Dungeons & Dragons, na watungaji waliotajwa walikuwa wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Aliyelinunua akitumaini kupata hadithi hakuipata, na aliyetumaini kupata mchezo wa ubao hakuona ubao. Alichokiona ni kanuni, majedwali na orodha za mazimwi, tena zimepangwa ovyo. Mwenye kutaka kujua namna ya kupigana alielekezwa kwenye kitabu kingine, Chainmail, cha mwaka wa 1971, au atumie njia ya pili iliyoelezwa kwa ufupi mno. Na mwenye kutaka kusafiri nyikani aliambiwa atafute ubao wa mchezo wa kampuni nyingine kabisa. Kwa kipimo cha nathari, kazi hii ni mbovu. Walakini nathari yake siyo kazi yenyewe. Kazi yenyewe huzaliwa mezani, watu wanapoketi pamoja na kusema.

Asili yake ni vita vya mezani, ambavyo maofisa wa Prussia walijifunzia uongozi tangu mwaka wa 1824. Badiliko kubwa lilitokea Minnesota katika mwaka wa 1969, David Wesely alipompa kila mchezaji mtu mmoja wa kumwakilisha badala ya jeshi. Arneson, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji wake, akaichukua fikira hiyo akaishusha chini ya ngome ya Blackmoor, gizani, kwenye mazimwi. Gygax ndiye aliyeiandika. Baadaye Arneson alimshtaki mwenzake na kampuni yake katika mwaka wa 1979, na shauri likaisha kwa mapatano mwaka wa 1981. Mahakama yaweza kugawa fedha. Lakini nani mtunzi wa kisa kinachosemwa na watu sita kwa zamu, hilo si swali la mahakama.

Uzuri wa kanuni hizi umo katika ukali wake. Mchezaji hajitengenezei shujaa ampendaye. Dadu tatu hutupwa mara sita, mara moja kwa kila sifa: nguvu, akili, busara, siha, wepesi na haiba. Njia za dadu tatu kuanguka ni 216. Moja tu huleta 18, na 54, yaani robo nzima, huleta 10 au 11. Basi aghalabu anayezaliwa ni mtu wa kadiri, kama walivyo watu. Kisha huwa mpiganaji, kasisi au mchawi. Mchawi wa daraja la kwanza ana uhai wa dadu moja, na kila silaha huumiza kwa dadu moja. Pigo la kwanza laweza kuwa la mwisho. Uganga wake ni mmoja tu kwa siku, na akiisha kuutumia umemtoka kichwani, fikira iliyotoka katika hadithi za Jack Vance.

Mwamuzi huyachora mapango kwa siri, nao wachezaji huchora ramani yao kwa kusikia tu. Mmoja husema kwa niaba ya wenzake: twaenda kushoto, twasikiliza mlangoni. Kila zinapopita dakika kumi za kisa dadu hutupwa, na ikitokea sita, kiumbe mzururaji amewadia. Hapo hupatikana hofu ya kweli, maana hakuna mtu aliyeiandika. Mtambaji wa ngano huujua mwisho wa ngano yake hata akijifanya hajui, na wasikilizaji wake hujua kwamba anajua. Mwamuzi wa mchezo huu anajua kilicho nyuma ya mlango, lakini hajui kama mlango utafunguliwa.

Kanuni iliyolaumiwa sana ni ile ya dhahabu. Kila kipande kilichotolewa pangoni huleta alama moja ya maarifa, na mpiganaji huhitaji alama 2,000 ili afike daraja la pili, mchawi 2,500. Vijitabu vyenyewe vinatoa mfano wa zimwi la daraja la saba lenye dhahabu 7,000: dhahabu ina alama 7,000, kuliua zimwi kuna alama 700. Huu, wamesema wengine, ni ulafi uliofanywa sheria. Lawama hiyo ni nyepesi. Maadamu kuua kuna faida ndogo na kuchukua kuna faida kubwa, mchezaji mwenye akili hujifunza kunyatia, kuhadaa, kuhonga na kukimbia. Waliolelewa na ngano za Sungura hawatashangaa. Toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons, katika mwaka wa 1989, liliifanya kanuni hiyo kuwa ya hiari, kwa nia njema bila shaka; lakini kilichobaki mbele ya macho ya wachezaji wengi kikawa upanga. Maadili yalitafutwa, yakaongezeka machinjo.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa limekwisha fanyika. Mfululizo wa Dragonlance, ulioanza mwaka wa 1984 kwa kazi ya Tracy Hickman, Margaret Weis na wenzao, ulileta mashujaa waliokwisha pewa majina na visa, na riwaya yao ya kwanza ikatoka mwaka huo huo. Wasomaji waliipenda, na haki yao. Lakini kwa kuwa sura za mbele ziliwahitaji watu wale wale, mwamuzi alishauriwa kwamba shujaa akiuawa kifo chake kifichwe, maiti isionekane, ili apate kurudi baadaye. Mtu wa namna hiyo hana ushujaa wowote, hata akilikabili joka, kwa sababu hana cha kupoteza. Na mchezaji aliyemshika ni msomaji anayefunua kurasa kwa dadu.

Toleo la mwaka wa 2014 lilifanya suluhu ya nusu. Aliyeishiwa uhai kwa kawaida hafi papo hapo: kila zamu yake ikifika hutupa dadu ya pande 20, kumi au zaidi ni heri, pungufu ya hapo ni shari. Heri tatu zikitangulia, amenusurika; shari tatu zikitangulia, amekufa. Wakati huo mezani hapana asemaye, na mwamuzi naye huinama kuitazama dadu kama wenzake.