Santuri za Mwaka 1982

Kupenda wimbo ni jambo jepesi. Kueleza sababu ya kuupenda ni kazi. Mtoto akiulizwa kwa nini anapenda asali husema kuwa ni tamu, na jawabu hilo linamtosha. Lakini wewe, msomaji kijana, uliyekwisha kufundishwa kupima shairi na kuchambua hadithi, huwezi kuulizwa juu ya wimbo ukajibu kama mtoto yule. Yakupasa useme ni nini kilicho kizuri ndani yake na ni nini kilichopungua. Na mwenzako akikukatalia, uwe na hoja ya kumrudishia badala ya kuongeza sauti ya redio. Insha hii ni jaribio la kufanya hivyo. Nimechagua santuri za mwaka mmoja tu, mwaka 1982, nami nitazipima mbele yako moja baada ya moja, kisha nikuambie ipi naipenda kuliko zote na kwa nini.

Huenda hujapata kushika santuri mkononi. Ni sahani nyeusi yenye mfereji mwembamba uliozunguka kama njia ya konokono, na sindano ikipita katika mfereji huo sauti hutoka. Zilikuwako za namna mbili. Ndogo ilizunguka mara 45 kwa dakika, na upande wake mmoja ulichukua muziki wa dakika nne au tano hivi. Kubwa ilizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na upande wake mmoja uliweza kuchukua dakika ishirini. Katika Kenya ile ndogo ndiyo iliyokuwa chakula cha kila siku cha wanamuziki, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Lakini ilikuwa na dhara lake. Wimbo wa rumba kama upigwavyo Nairobi, Dar es Salaam na Kinshasa una sehemu mbili: kwanza waimbaji hueleza habari kwa utulivu, kisha magita hushika mbio, nayo sehemu hiyo huitwa sebene. Wimbo wa namna hiyo haukuenea katika upande mmoja wa santuri ndogo. Basi ulikatwa katikati: habari upande huu, sebene upande wa pili. Msikilizaji alikaa, akasikia, akainuka, akaigeuza sahani, akaanza tena. Ni kama kusimuliwa hadithi na mzee anayenyamaza pale simba anapotokea, akakutuma kuni kwanza.

Kila mizani ina mawe yake ya kupimia, na jiwe langu nimeliokota karibu. Ninyi mnaosoma Ngong, Kiserian, Kitengela au Kajiado mmesikia Wamaasai wakiimba katika sherehe. Hawahitaji gita wala ngoma. Mmoja wao, aitwaye olaranyani, huanza, wenzake humjibu, na chini ya sauti zao kuna mvumo wa makoo unaoshika mwendo kama miguu ishikavyo safari. Olaranyani hana haraka. Huwapa wenzake nafasi ya kujibu, nao hawamzibi sauti. Wimbo haukamiliki mpaka kila mmoja amepata zamu yake, na vijana wanaoruka wamekwisha kuruka. Katika wimbo huo nimejifunza swali ambalo nauliza kila muziki: je, kila sauti imepewa haki yake ya muda, na je, yupo anayejibu? Swali hilo halimalizi yote yanayoweza kusemwa juu ya muziki, lakini lafaa kuwa mwanzo.

Na tuanze na ule uliojulikana kuliko yote, ingawa ulikuwa wimbo mmoja wala si santuri kubwa. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms, iliyoanzishwa na ndugu wa jamaa ya Harrison kutoka Pwani, ilitoa Jambo Bwana, wimbo uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison. Mwaka uliofuata kundi la Boney M. liliuimba upya huko Ulaya. Uzuri wake ni wepesi wake. Mgeni asiyejua neno moja la Kiswahili huushika katika dakika chache, akarudi kwao na salamu zetu mdomoni. Si kazi ndogo hiyo. Mshairi mwenye maneno elfu huenda asiiweze. Lakini ni wimbo wa mwenyeji anayeamkua mlangoni. Humwambia mgeni kuwa kwetu mambo yote ni mema, wala hamkaribishi ndani akaona. Kumbuka kuwa katika mwaka uleule, Jumapili tarehe 1 Agosti, askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali. Waliiteka idhaa ya Sauti ya Kenya, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye wananchi walimzoea katika kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, alilazimishwa kuwatangazia habari hiyo. Watu waliuawa na maduka ya Nairobi yaliporwa. Simlaumu mtunzi, kwa maana hakutunga wimbo wa habari. Nasema tu kwamba wimbo unaoridhia kila kitu hauna nafasi ya sauti ya pili inayouliza, ‘Kweli?’

Mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari, ilitoka Thriller ya Michael Jackson. Nyimbo zake ni tisa, na zote pamoja ni dakika 42 hivi. Quincy Jones aliyesimamia kazi hiyo hakuacha neno wala pigo lililolegea. Katika wimbo mmoja, Beat It, alimwita Eddie Van Halen, fundi wa gita la roki, akapiga kwa muda mfupi tu. Lakini muda huo mfupi ulitosha kuwakutanisha wapenzi wa roki na wapenzi wa muziki wa watu weusi wa Marekani, ambao redio za huko ziliwatenga. Wimbo wa kwanza wa santuri hiyo huishia kwa kiitikio kilichotokana na Soul Makossa, kazi ya Manu Dibango wa Kamerun ya mwaka 1972. Dibango hakuombwa ruhusa. Alilalamika, na shauri likamalizwa kwa mapatano. Basi usione haya mtu akikuambia kuwa muziki wa kisasa umetoka kwao. Sehemu yake ilitoka kwetu, ikarudi imevaa koti. Nikiipima Thriller kwa swali langu, naona kila ala imepewa nafasi kwa kipimo cha mfua dhahabu. Ila sauti zinazomjibu mwimbaji mara nyingi ni zake mwenyewe, zimerekodiwa moja juu ya nyingine. Ni olaranyani mwenye kipaji kikubwa mno, lakini amesimama peke yake akijiitikia. Ndiyo maana mimi huistaajabia santuri hiyo zaidi ya ninavyoipenda.

Sasa turudi nyumbani. Ukisimama juu ya vilima vya Ngong asubuhi isiyo na ukungu, Nairobi yote huwa imelala chini yako. Katika mji huo zilitengenezwa santuri mbili zilizobaki katika mizani yangu. Ya kwanza ni Agwaya ya Orchestra Makassy, bendi ya Mzee Makassy, mtu wa Kongo, iliyokaa Dar es Salaam kisha ikahamia Nairobi. Remmy Ongala aliimba katika bendi hiyo kabla ya kujiunga na Super Matimila na kupata sifa yake kubwa. Agwaya ilirekodiwa Nairobi ikatolewa mwaka 1982 na kampuni ya Virgin ya Uingereza, kwa nia ya kuwauzia Wazungu muziki wetu. Ni kazi safi. Unaweza kulifuata gita moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kulipoteza, kama unavyofuata uzi mwekundu katika shuka. Mashairi ya bendi hii pia si ya kupuuzwa: jina la wimbo wao Kufilisika Sio Kilema ni methali tosha. Aibu yangu na yako imo katika jina hilo, kwa kuwa ni nani asiyepata kumcheka aliyefilisika? Kasoro niionayo ni kwamba usafi umezidi. Vumbi la ukumbi wa dansi limepanguswa, na mahali pengine nahisi wapigaji wanamwangalia mgeni kwanza kabla ya kuangaliana wao.

Ya pili, nayo ndiyo niipendayo kuliko zote, ni santuri ya Samba Mapangala na Orchestra Virunga. Mapangala alizaliwa Kongo, akapitia Uganda, akafika Nairobi mwaka 1977, na mwaka 1981 akaiunda Virunga. Santuri yao kubwa ya kwanza ilipewa jina la Kiingereza, It's Disco Time, jina la biashara lisilolingana na kilichomo, kwa maana ndani yake hamna disko ya Ulaya ila rumba iliyokomaa. Usikilize wimbo uitwao Malako. Haukukatwa katikati. Sauti ya Mapangala, nyembamba na angavu, hutangulia. Wenzake humjibu kwa upatano. Gita moja hueleza jambo, la pili huliunga mkono, la besi hukataa kufuata njia ya moja kwa moja. Saksafoni huingia kama wazee wa baraza waliosubiri zamu yao. Wimbo hupanda kidogo kidogo, na unapofika kwenye mbio zake hujui ni wakati gani hasa ulianza kwenda kasi. Maneno mengi ni ya Kilingala, nawe huenda usiyafahamu. Lakini utafahamu mazungumzo. Hapa lile swali langu linajibiwa kamili: kila sauti ina muda wake, na hakuna inayosema bila kujibiwa. Katika santuri ya watu wa Kongo iliyofanywa mjini Nairobi naisikia adabu ileile ya wimbo wa Wamaasai, ingawa hawakufundishana.

Utaniuliza: ikiwa ni njema hivyo, mbona hazikufuata nyingine mia? Sababu si uchache wa vipaji. Katika miaka hiyo kaseti za wizi zilijaa sokoni. Mtu alinunua santuri moja, akainakili katika kaseti nyingi, akaziuza rahisi, na mtunzi hakupata hata senti. Wanamuziki wa kigeni walisumbuka juu ya vibali vya kazi. Bendi ya Super Mazembe, ambayo nayo ilitoka Kongo ikaipamba Nairobi tangu mwaka 1974, ilivunjika mwaka 1985. Wimbo mrefu hutaka watu wengi kukaa pamoja muda mrefu, na watu hawakai pamoja bila chakula. Kwa hiyo unapochukua kazi ya msanii bila kumlipa, usidhani kuwa umeiba wimbo mmoja tu. Umeiba na ule ambao hatautunga.

Jambo la mwisho ni lako wewe. Mwishoni mwa mwaka 2024 na mwanzoni mwa 2025, wimbo wa Super Mazembe uitwao Kassongo ulifufuka katika simu za Wakenya, ukawa mzaha wa siasa, na vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya bendi kuvunjika wakauimba. Nilifurahi, kisha nikasikitika kidogo. Wengi waliujua kwa kipande kifupi tu, cha muda wa kupiga miayo miwili. Hawakufika kwenye magita. Hawakujua kuwa ni kilio cha mke anayemsihi mumewe arudi nyumbani. Zamani santuri ndogo iliukata wimbo vipande viwili, kwa kuwa haikuwa na nafasi. Leo nafasi ipo bila kikomo, nasi tunaukata vipande ishirini kwa hiari yetu.

Basi fanya jaribio hili siku ya Jumamosi, kazi za nyumbani zikiisha. Tafuta Malako, ukae, usifanye jambo jingine. Mara ya kwanza ufuate sauti za waimbaji. Mara ya pili ufuate gita la besi peke yake. Mara ya tatu usifuate chochote, uache wimbo ukufuate. Kisha uandike mistari kumi: umependa nini, na kwa nini. Huenda ukanipinga, ukasema Thriller ni bora, au Agwaya, au kwamba Jambo Bwana nimeionea. Sitakasirika, mradi una hoja. Mwimbaji amefanya sehemu yake ya kuita. Msikilizaji anayejua kutoa sababu ndiye anayejibu.