Student hakuwa mwanafunzi

Bandugu ba agro, tesiti ya Student tulifanya mara ngapi? Mwenyewe ni William Gosset, mutu wa kazi kwa kiwanda cha bia Guinness, Dublin, wala hakuruhusiwa kutia jina lake kwa makala. Ile makala ya 1908 iko ya maana, lakini uthibitisho wa hesabu haukukamilika. Ni Fisher, kijana wa chuo, aliutuma kwa barua 1912. Mbele ya hapo Gosset alishaenda London kujifunza kwa Pearson. Kozi zetu zinaruka hii yote, tunatoka na formila tu! Mimi, kwa kampuni moja, nililinganisha mbolea mbili kwa wastani, bila kuangalia utofauti wa mashamba. Shefu akafurahi, bakulima bakanunua. Mwenzangu mumoja wa hesabu angeona kosa kwa dakika 5, lakini sikukuwa naye.