Ufundi wa Kuihuisha N900

Simu ya Nokia N900 ilitoka mwaka 2009 ikiwa na kerneli ya Linux toleo la 2.6.28, na mtengenezaji akaiacha kwenye toleo hilo hilo. Kibodi yake ya kuteleza ingali ikibonyezeka, na skrini ya inchi 3.5 inasomeka vizuri. Ila jaribu kuiwekea programu za leo. Maktaba ya glibc, ambayo programu nyingi za Linux huitegemea, kwa kifaa kama hiki hudai kerneli isiyo chini ya 3.2 tangu toleo la 2.24 la mwaka 2016; kwa miaka kadhaa, ikikutana na 2.6.28 ililalamika kuwa kerneli ni kuukuu mno, kisha ikagoma.

Dawa ni kuiwekea kerneli mpya, na hapo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ana sharti asilolilegeza: kerneli mpya isiiharibu programu iliyokuwa ikifanya kazi. Hivyo programu ya zamani hukaribishwa kwenye kerneli mpya. Madraiva, yaani msimbo wa kerneli unaoendesha vipuri vya kifaa, hayana bahati hiyo. Mpangilio wa ndani ya kerneli hubadilishwa wakati wowote, na draiva iliyoandikiwa 2.6.28 leo haitakompailika.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia fundi anayeihuisha simu hii. Angeweza kubandika viraka toleo hadi toleo, peke yake, mpaka achoke. Badala yake anaisafisha draiva, anawapelekea wasimamizi wa kerneli, anakosolewa hata kwa nafasi tupu iliyosahaulika mwishoni mwa mstari (wale watu wana macho!), anairudia tena na tena hadi ipokelewe kwenye shina kuu, yaani msimbo rasmi wa Linux. Ikishapokelewa, yeyote atakayegeuza mpangilio wa ndani itambidi airekebishe na hiyo draiva, hata kama hajawahi kuishika N900.

Hata maelezo ya kifaa chenyewe yamesafishwa hivyo. Zamani bodi za vichakataji vya ARM, kama cha N900, ziliandikiwa kila moja msimbo wake wa C, fujo iliyomkasirisha Linus mwaka 2011. Siku hizi N900 inaelezwa katika faili moja, omap3-n900.dts, nami naliona zuri kuliko miongozo mingi ya kitaalamu. Humo utakuta swichi ya kifuniko cha kamera, ya kibodi inapotelezeshwa, kitufe cha kufunga skrini, na kila kimoja kimetajiwa pini yake. Ukilisoma unakijua kifaa kabla ya kushika bisibisi.

Kisirani ni chipu ya picha, PowerVR SGX. Nusu ya draiva yake iliyo ndani ya kerneli iko wazi. Nusu ya juu imefungwa na wenye chipu, kwa hiyo hiyo ya wazi nayo imebaki nje ya shina kuu. Mafundi wa Maemo Leste, mfumo wa simu uliojengwa juu ya Devuan, mojawapo ya mifumo ya Linux, huibeba wenyewe, na kerneli ikipanda toleo hukaa chini kuirekebisha upya.