Nasaba Iliyokosa Hati: Uhakiki wa Roots ya Alex Haley

Mtu atafutaye nasaba ya mlowezi wa Kizungu katika majimbo ya kusini ya Marekani hukuta njia imekwisha kufyekwa. Ziko wasia, hati za ardhi, daftari za makanisa, orodha za kodi, na hesabu ya watu iliyofanywa kila baada ya miaka kumi tangu 1790. Atamwona babu Virginia, mjukuu North Carolina, na kitukuu Tennessee, kila mmoja akifuata ardhi mpya baada ya tumbaku kuichosha ile ya kale. Lakini atafutaye nasaba ya mtu mweusi aliyelima katika shamba lile lile la mlowezi yule yule, hurudi nyuma mpaka mwaka 1870, akasimama kama aliyegonga ukuta. Hesabu ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu waliotoka utumwani. Katika orodha za watumwa za 1850 na 1860 jina liandikwalo ni la bwana, na chini yake, karibu kila mahali, ni umri, jinsi na rangi tu.

Roots, kitabu kilichotolewa mwaka 1976, ni jaribio la kuuruka ukuta huo. Haley alizaliwa mwaka 1921, akalelewa Henning, magharibi ya Tennessee, na huko barazani alimsikia bibi yake Cynthia na ndugu zake wakisimulia habari za mzee waliyemwita Mwafrika tu. Kwa mujibu wa kitabu, mzee huyo ni Kunta Kinte wa Juffure, Gambia, aliyeshushwa Annapolis mwaka 1767 kutoka katika jahazi Lord Ligonier, akauzwa kwa ukoo wa Waller katika wilaya ya Spotsylvania, Virginia, akapewa jina la Toby. Binti yake Kizzy aliuzwa kwa Tom Lea wa Caswell, North Carolina, akamzaa George, mfuga majogoo ya kupigana. Tom mwana wa George alikuwa mhunzi huko Alamance. Naye ndiye baba wa Cynthia, Cynthia mama wa Bertha, na Bertha mama wa mwandishi. Kwa lugha yetu Kizzy ni mwana, George mjukuu, Tom kitukuu, Cynthia kilembwe, Bertha kilembwekeza. Alex mwenyewe amepita mpaka wa majina ambayo wengi wetu tunayajua.

Wahakiki wengi hukisifu kitabu hiki kwa sehemu yake ya Afrika. Mimi naona uzito wake uko katika njia ya nchi kavu, kutoka Virginia hadi Tennessee. Njia hiyo inafanana sana na ile ya walowezi, wala haishangazi, kwa kuwa bwana alipohama au alipofilisika, watumwa walikwenda naye au waliuzwa. Kati ya 1790 na 1860 watu weusi wapatao milioni moja walihamishwa kutoka majimbo ya kale kupelekwa katika nchi za pamba. Neno uhamiaji lina taabu hapa, maana mhamiaji ni mtu aliyefunga mzigo wake mwenyewe. Kizzy hakufunga mzigo. Katika vizazi vyote vya kitabu hiki, safari ya kwanza ambayo ukoo mzima ulikata shauri kuifanya ni ile ya mwisho, baada ya ukombozi, walipopanda magari ya kukokotwa wakaelekea Henning.

Sasa yatupasa kuyatazama mashtaka, nayo si madogo. Mwaka 1978 Haley alikubali kwamba vifungu kutoka katika riwaya ya Harold Courlander, The African, ya 1967, vimeingia katika kitabu chake, na kesi ikaisha kwa malipo. Mwaka 1981 Gary Mills na Elizabeth Shown Mills walionyesha kwamba mtumwa aitwaye Toby yumo katika hati za akina Waller kabla ya 1767, yaani kabla jahazi halijatia nanga. Mwaka huo huo Donald Wright, aliyefanya utafiti Gambia, alionyesha kwamba yule mzee wa Juffure aliyemsomea Haley nasaba ya akina Kinte hakuwa mrithi wa kazi hiyo ya kusimulia, tena alikuwa amekwisha jua mgeni wake anatafuta nini.

Wanafunzi hupenda kujibu: hii ni riwaya, basi mashtaka ya nini? Jibu hilo ni rahisi mno. Katika sura za mwisho Haley anaivua kanzu ya mtunzi, anasema kwa nafsi yake, anatutajia maktaba na daftari alizozipekua, na anatutaka tusadiki. Hata wenye kutoa tuzo ya Pulitzer mwaka 1977 walimpa tuzo ya pekee, nje ya mafungu yao ya kawaida. Aliyeomba kusadikiwa kama shahidi hawezi kukimbilia uhuru wa mtunzi pindi ushahidi unapotikisika. Tena mwenye hati mia, moja ikikosewa, hubaki na tisini na tisa. Watu walioachiwa hati moja hawana ya kubaki nayo. Kwa sababu hiyo kosa hili linaniuma mimi zaidi kuliko linavyowauma wale wanaolifurahia.

Hata hivyo, hoja za wanahistoria zinavunja daraja ambalo Haley alilijenga kati ya simulizi la barazani na Toby wa hati, na kati ya Toby na Juffure. Simulizi lenyewe ni jambo jingine. Bibi Cynthia hakuhifadhi mti wa majina. Alihifadhi kwamba Mwafrika alikamatwa akikata gogo la ngoma, kwamba gitaa aliliita ko, na mto aliuita Kamby Bolongo. Jan Vansina, bingwa wa mapokeo simulizi aliyefanya kazi Kongo na Rwanda, ndiye aliyeyatambua maneno hayo kuwa ya Kimandinka.

Kuna jambo moja nililolihesabu kosa nilipokisoma kitabu mara ya kwanza. Tangu saa Kizzy anapouzwa, Kunta na mkewe Bell hawaonekani tena mpaka mwisho. Nilifunua kurasa nikitafuta habari za kifo chao, hakuna. Leo naona hapo ndipo kitabu kinaposadikika kuliko penginepo, kwani binti naye hakupata habari.

Lawama yangu iliyobaki ni ya mizani. Kunta, ambaye hati zake ni dhaifu kuliko za wote, amepewa zaidi ya nusu ya kitabu, na Henning imepitiwa mbio. Tom alipofika huko aliambiwa na Wazungu kwamba mtu mweusi hataruhusiwa kufungua karakana yake mwenyewe. Akaunda karakana juu ya gari, akazunguka nayo kwa wateja. Kurasa hamsini juu ya gari hilo ningezisoma kwa furaha.