Kurejelewa si Kunukuliwa: Uhakiki wa Lugha ya Kumpima Mtafiti

Siku hizi mtafiti wa magonjwa hupimwa kwa mambo mawili: idadi ya makala alizochapisha, na idadi ya mara ambazo makala hizo zimetajwa na watafiti wenzake. Hesabu hiyo ya pili huitwa kwa Kiswahili mara "manukuu", mara "athari za machapisho". Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba maneno yote mawili yanadai zaidi ya kile kilichohesabiwa, na kwamba madhara yake hayaishii katika kamusi.

Tuchukue mfano wa nchini mwetu. Katika miaka ya 1952 na 1953 uwanda wa Makonde, huko Newala na jirani zake, ulikumbwa na homa yenye maumivu makali ya viungo, hata wagonjwa wakashindwa kusimama wima. Mwaka 1955 Marion Robinson alichapisha maelezo ya dalili zake, na W. H. R. Lumsden akaeleza jinsi ugonjwa ulivyoenea. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuupa jina: chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Jina hilo ni la Kimakonde. Tangu hapo makala hizo zimetajwa na watafiti wa mabara mengi, hasa baada ya mlipuko wa visiwa vya Bahari ya Hindi wa mwaka 2005 na 2006. Kwa mizani ya hesabu, zimefanikiwa sana.

Hata hivyo, kwa miaka mingi waandishi wengi waliozitaja walisema kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Msomaji wa kurasa hizi ataitambua kasoro hiyo mara moja. Kiswahili sanifu husema kitu, kidole, kidonda. Kiambishi chi- katika nafasi hiyo ni cha Kimakonde. Sisi husema kukunja, na mgonjwa hujikunja. Ni dhahiri kwamba kosa hilo lilirithiwa kutoka makala moja hadi nyingine bila mrithi kurudi kwenye chanzo. Aidha, kila makala iliyobeba kosa hilo pamoja na jina la Robinson iliongeza moja katika hesabu yake, sawasawa na makala iliyosomwa kwa makini. Nao Wamakonde, wenye neno lao, hawakuhesabiwa popote.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1955 Eugene Garfield wa Marekani alipendekeza faharasa ya kuonyesha nani amemtaja nani katika sayansi. Mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kumwezesha msomaji kuona makala ya zamani imekosolewa wapi, ili kasoro zisiendelee kutajwa ovyo. Mwaka 2005 Jorge Hirsch akaleta kipimo cha h: mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imetajwa mara 20 au zaidi. Hivyo chombo cha kutafutia kikageuka mizani ya kupimia watu. Hatusemi kwamba mizani hiyo haina faida. Huonyesha makala imesafiri umbali gani. Haionyeshi kama imesomwa.

Sasa turudi kwenye istilahi. Kunukuu ni kuchukua maneno ya mtu kama yalivyo. Anayeandika jina na mwaka ndani ya mabano hakunukuu, amerejelea. "Marejeo" nalo tumekwisha kulipa kazi ya orodha iliyo mwishoni mwa kitabu. Kwa hiyo tunapendekeza "idadi ya kurejelewa", ambapo kauli ya kutendwa inaeleza wazi kwamba kitendo ni cha wengine.

Neno "athari" ni zito zaidi. Baada ya moto wa Soko Kuu la Kariakoo, Julai 2021, athari zilizozungumzwa zilikuwa hasara za wafanyabiashara. Homa ya dengi ilipolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, athari zake zilikuwa wagonjwa na vifo. Mwenye duka wa Mtaa wa Kongo akiambiwa kwamba mtafiti fulani ana athari kubwa, atauliza: amemdhuru nani? Au kama ni heri, imemfikia nani? Maswali yote mawili ni ya haki. Kutoka Muhimbili hadi Kariakoo si mwendo mrefu. Lakini makala iliyoandikwa Upanga kwa Kiingereza yaweza kurejelewa Paris na São Paulo, na lisifike neno lake hata moja kwa mwenye pipa la maji ambamo mbu wa Aedes huzaliana.

Basi "athari" tuliachie badiliko linaloonekana kwa watu wenyewe: pipa lililofunikwa, mgonjwa aliyetambuliwa mapema. Idadi ya kurejelewa iitwe kwa jina lake. Na kamati inayompandisha mtafiti cheo na ihesabu ikipenda, ila iwe imekwisha kuisoma makala.